Barua za Wasomaji: Gemu Isiyo na Mpinzani Hudumu kwa Muda Gani?

Katika toleo hili tunajibu barua tatu, kutoka Kisumu, Nakuru na Bungoma. Kila mwandishi ana shida yake, lakini wote watatu wanauliza ni kiasi gani gemu hupoteza mvuto wake inapokosa sehemu ya kuchezwa na watu zaidi ya mmoja.

SWALI

Bwana Mshauri, nina ukumbi mdogo wa gemu hapa Kondele, Kisumu. Nina mashine tatu za PlayStation 4 na moja ya zamani, PlayStation 2, ambayo vijana hawataki niiondoe. Mwaka jana mwanangu alinishawishi ninunue gemu mbili za hadithi zenye picha za kupendeza mno, na kila aliyeziona alizisifu. Mwanzoni watu walizipangia foleni, lakini baada ya majuma machache hakuna aliyeziulizia tena, ilhali kandanda, ambayo haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, hujaza viti kuanzia saa nane mchana hadi ninapofunga. Gemu hizo mbili hazina njia ya watu wawili kucheza pamoja. Je, upungufu huo mmoja ndio ulioziua? Na kabla sijatoa pesa nyingine, nitazame nini? — Mama Mwenye Ukumbi, Kondele

JIBU

Mama, gemu ulizonunua hazikufa. Zilikwisha, kwa sababu zilitungwa ziwe na mwanzo na mwisho, na vijana wako walipofika mwisho, au walipomtazama mwenzao akifika, hapakusalia kitu cha kuwarudisha. Hadithi za aina hiyo kwa kawaida huchukua kati ya saa kumi na saa thelathini. Adui aliyejificha nyuma ya mlango wa pili leo atakuwa nyuma ya mlango huo huo kesho, na ujanja wake wote ni ule alioandikiwa na mtunga programu. Kandanda haina kurasa za kumalizwa. Kijana wa Nyalenda aliyefungwa jana kwa mashambulizi ya kushtukiza atarudi leo na mabeki watano, na yule aliyemfunga italazimu atafute njia nyingine, hivi kwamba wachezaji wenyewe ndio wanaoitunga gemu upya kila siku bila kampuni iliyoitengeneza kuongeza chochote. Ndivyo ilivyo ajua, mchezo wa bao ambao wazee wa Nyanza wameucheza kizazi baada ya kizazi: hauna picha wala hadithi, ila kila mara kuna mtu upande wa pili wa ubao.

Ukumbini kuna sababu nyingine, ambayo waandishi wa Ulaya na Marekani huigusa kwa nadra kwa kuwa wasomaji wao hucheza majumbani. Wewe unauza mechi. Mechi ya kandanda ina padi mbili za kuchezea mkononi, inakwisha kwa dakika chache, anayeshindwa anaachia padi, na wanaosubiri zamu yao hushangilia, hubishana na kumsoma mshindi ili wamshinde. Gemu ya hadithi inamshughulisha mtu mmoja kwa saa nzima, huku wengine wakitazama kitu wasichoweza kukiingilia. Isitoshe, mteja anayehifadhi hatua aliyofikia Jumatatu anaweza kurudi Alhamisi akakuta mtoto mwingine ameanza upya juu ya hifadhi yake, na ukumbi wowote unaotumia akaunti moja kwa wateja wote unaijua ghadhabu inayofuata. Kwa hiyo kukosekana kwa padi ya pili hukuumiza wewe kuliko kunavyomuumiza mwenye mashine moja sebuleni kwake.

Watengenezaji wenyewe wameugundua uzito wa jambo hili, mara nyingine kwa bahati. GoldenEye 007, iliyotolewa na studio ya Rare mwaka 1997 kwa mashine ya Nintendo 64, haikuwa na sehemu ya wachezaji wengi hadi miezi michache kabla ya kuingia sokoni. Hatimaye sehemu hiyo ya watu wanne kwenye skrini moja ndiyo wengi wanayoikumbuka hadi leo, ingawa hadithi yenyewe ilisifiwa pia. Upande wa kandanda, FIFA 18 ilipotolewa kwa Nintendo Switch mwaka 2017, ilikosa njia ya kumwalika rafiki yako mkacheza mtandaoni. Ungeweza kupambanishwa na mgeni usiyemjua, ila si na binamu yako. Lawama zilikuwa nyingi, na FIFA 19 ikaileta njia hiyo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Halo. Tangu gemu ya kwanza ya mwaka 2001, mfululizo huo ulijulikana kwa marafiki wawili kuketi pamoja wakigawana skrini na kuipitia hadithi bega kwa bega. Halo 5: Guardians ya mwaka 2015 iliondoa skrini iliyogawanywa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiufundi: studio ilitaka mashine ichore picha 60 kwa kila sekunde, na kugawa skrini kunailazimu mashine iuchore ulimwengu mzima wa gemu mara mbili kwa wakati mmoja. Sababu hiyo ni ya kweli, na inaeleza pia kwa nini gemu nyingi za siku hizi zenye picha nzito huacha kabisa padi ya pili. Hata hivyo wachezaji hawakuridhika, na mwaka 2017 mkuu wa studio ya 343 Industries, Bonnie Ross, aliahidi hadharani kwamba gemu zao za kufyatua risasi za baadaye zingekuwa na skrini iliyogawanywa. Halo Infinite ilipotoka mwaka 2021, watu waliweza kushindana wakigawana skrini, lakini mpango wa kuicheza hadithi pamoja kwenye skrini moja ulifutwa rasmi mwezi Septemba 2022. Kampuni ikikosa kutimiza ahadi ya namna hiyo, kinachopotea ni zaidi ya kipengele kimoja, kwa sababu mtu hukumbuka aliicheza na nani.

Sasa nikujibu la pesa. Jambo la kwanza, usiridhike na maneno kwamba gemu ina wachezaji wengi. Maneno hayo hubeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Mara nyingi nyuma ya jalada kuna nambari mbili: ya wachezaji wanaotumia mashine moja, na ya wachezaji wa mtandaoni. Kwa ukumbi wako nambari ya kwanza ndiyo yenye riziki. Gemu inayoruhusu watu thelathini mtandaoni na mmoja tu kwenye mashine bado ni gemu ya mtu mmoja kwako, tena yenye gharama zaidi, kwani gemu nyingi za PlayStation 4 za kununuliwa hudai usajili wa PlayStation Plus ndipo zichezwe mtandaoni, na juu ya hapo kuna intaneti ya kulipia na masasisho makubwa ya kupakua.

Kuna pia suala la umbali, ambalo pesa haiwezi kuliondoa. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji wa mtandaoni, iko Ulaya na njia ya waya, kutoka Kisumu hadi Nairobi, hadi Mombasa, kisha chini ya bahari hadi huko, inafika kilomita 10,000, basi amri ya kidole kwenda na jibu lake kurudi haviwezi kuchukua chini ya milisekunde 100, hata ukilipia intaneti ya kasi namna gani. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde huwa imeshachora picha sita katika muda huo, na katika penalti au katika gemu ya ngumi, picha sita zinatosha kabisa kuamua mshindi. Vijana wawili walioketi kwenye benchi moja hawana tatizo hilo.

Gemu za magari zina mtego wake. Need for Speed Heat ya mwaka 2019 ina mbio za mtandaoni lakini haina skrini iliyogawanywa, ilhali Gran Turismo Sport ya mwaka 2017 inawaruhusu wawili kwenye skrini moja, na anayetazama majalada tu hawezi kuzitofautisha. Tekken 7 na gemu za mpira wa kikapu za NBA 2K hukubali padi mbili bila intaneti. Ikiwa bado unapenda hadithi, ipo It Takes Two ya mwaka 2021, ambayo haiwezi kuchezwa na mtu mmoja hata akitaka, kwa kuwa kila kikwazo chake kinahitaji watu wawili wenye uwezo tofauti. Itafika mwisho kama hadithi yoyote, lakini wateja watakuja wawili wawili na utawatoza kwa saa. Zile mbili ulizonazo, ikiwa ni za diski, ziuzie mtu mwenye mashine nyumbani wakati bado zina bei nzuri. Na ile PlayStation 2 ibaki, Mama. Haidai sasisho, haidai seva, na vijana wamekwisha kukueleza thamani yake.

SWALI

Ndugu Mshauri, gemu niliyoipenda sana nilipokuwa shule ya upili imetolewa upya kwa mashine za sasa. Niliinunua dukani kwa bei inayokaribia ya gemu mpya, kisha nikakuta kwamba sehemu ya kucheza na wenzako mtandaoni, ambayo ndiyo iliyotukutanisha mimi na binamu zangu walioko Eldoret na Nairobi, imeondolewa. Muuzaji hakuniambia. Kwa nini waiondoe kitu kilichokuwepo zamani? Na je, nina haki yoyote? — Msomaji, Kaptembwo, Nakuru

JIBU

Ndugu yangu, hukuitaja gemu, lakini hali unayoieleza imekuwa ya kawaida. Red Dead Redemption ya mwaka 2010 ilikuwa na sehemu ya wachezaji wengi iliyopendwa. Ilipotolewa upya mwezi Agosti 2023 kwa PlayStation 4 na Nintendo Switch, kwa takriban dola 50, sehemu hiyo haikuwemo. Mass Effect Legendary Edition ya mwaka 2021 ilikusanya gemu tatu na kuacha mapambano ya pamoja ya ile ya tatu. The Last of Us Part I ya mwaka 2022 iliacha sehemu ya wachezaji wengi iliyoitwa Factions, na mradi mkubwa wa mtandaoni ambao ungechukua nafasi yake ulisitishwa mwezi Desemba 2023.

Sababu zake si siri. Hadithi ikishahamishiwa mashine mpya imehama, nayo hubaki ndani ya diski au ya mashine yako. Sehemu ya mtandaoni inahitaji seva zinazolipiwa kila mwezi, watu wa kuzuia wadanganyifu, na programu ya kuwakutanisha wachezaji, ambayo mara nyingi iliandikwa kwa mfumo usiopo tena. Mwaka 2014, huduma ya GameSpy iliyokuwa ikiziunganisha gemu nyingi ilizimwa, na zile ambazo wenyewe hawakuzihamisha zikabaki bila mtandao. Kampuni hukokotoa ni watu wangapi watacheza miaka miwili baadaye, ikalinganisha na gharama, kisha ikakata. Hesabu yao naielewa. Ninachokikataa ni kuitoza gemu iliyopunguzwa bei ya gemu nzima na kuliacha jambo hilo kwa maandishi madogo.

Mvuto wa gemu iliyokatwa hivyo hupungua zaidi kwa watu kama wewe kuliko kwa mgeni. Mtu anayeifungua kwa mara ya kwanza hukutana na hadithi nzuri na haoni pengo lolote. Wewe hadithi unaijua. Ulichokuwa ukikirudia ni sauti za binamu zako. Ndiyo maana gemu hizi hununuliwa kwa hamu mwanzoni, kisha wale wale waliozingoja kwa miaka huwa wa kwanza kuziweka kando.

Kuhusu haki, Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 hapa Kenya inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ikiwa muuzaji au tangazo lake lilisema sehemu hiyo ipo, rudi na risiti, na akikataa kukusikiliza unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ikiwa jalada lilisema wazi kwamba ni mchezaji mmoja, kesi yako ni dhaifu, ila hakuna ubaya wa kumwomba abadilishe diski. Na kama mashine yako ya zamani bado inawaka, jaribu kwanza gemu ile ya awali kabla ya kuhitimisha kwamba yote yamepotea, kwani kuna seva za zamani ambazo huendelea kufanya kazi kwa miaka mingi baada ya wengi kuzisahau.

SWALI

Mshauri, mimi na mwenzangu tunasomea kompyuta katika chuo kimoja hapa Bungoma na tunatengeneza gemu ndogo ya simu. Mwenzangu anasisitiza kwamba bila sehemu ya mtandaoni hakuna atakayeicheza zaidi ya siku mbili, na yuko tayari tuache kila kitu tuijenge hiyo kwanza. Mimi nina shaka. — Mwanafunzi, Bungoma

JIBU

Shaka yako ina msingi, mwanangu. Skyrim ya mwaka 2011 haina mchezaji wa pili, na mwaka 2023 watengenezaji wake walisema imepita nakala milioni 60. The Witcher 3 ya mwaka 2015, ambayo nayo ni ya mtu mmoja, imepita milioni 50. Zimedumu kwa sababu ndani yake mna mengi ya kugundua, na kwa Skyrim, kwa sababu wachezaji wenyewe waliruhusiwa kuibadilisha na kuiongezea. Hata katika kandanda, kinachokosekana si mpinzani kila mara. Kampuni ya Konami ilipoigeuza gemu yake Pro Evolution Soccer kuwa eFootball na kuitoa bila malipo tarehe 30 Septemba 2021, mpinzani wa mtandaoni alikuwepo, ila Master League, ambamo mtu huiongoza klabu yake peke yake msimu baada ya msimu, haikuwepo, na wapenzi wa siku nyingi waliililia.

Sehemu ya mtandaoni iliyobandikwa bila kuhitajika hudhuru pia. Spec Ops: The Line ya mwaka 2012 ilitungwa kuwa hadithi nzito ya vita, lakini mchapishaji alishurutisha iwe na wachezaji wengi, na mbunifu wake mkuu, Cory Davis, akasema hadharani kwamba hakuna anayeicheza sehemu hiyo na kwamba haikustahili kuwemo. Tena kuna hatari ya ukumbi mtupu. Mechi ya mtandaoni haianzi mpaka apatikane mtu mwingine aliyeifungua gemu hiyo saa hiyo hiyo, na gemu mpya isiyojulikana haina watu hao. Gemu ya mtandaoni ya Concord, iliyotengenezwa kwa miaka mingi na kampuni yenye uwezo mkubwa, ilitolewa tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba mwaka huo huo kwa kukosa wachezaji, na kwa kuwa haikuwa na sehemu ya mtu mmoja, aliyeinunua alibaki bila kitu, akarudishiwa pesa zake.

Mfano wa kuufuata ni wa Stardew Valley. Eric Barone aliitengeneza peke yake na kuitoa mwaka 2016 ikiwa ya mchezaji mmoja. Ilipokwisha kupendwa ndipo sehemu ya kulima shamba pamoja ilipoongezwa mwaka 2018, na skrini iliyogawanywa ikaja mwishoni mwa 2020. Hao wachezaji wa pili walialikwa na wale wa kwanza, kwa hiyo hapakuwa na shamba lililosubiri watu wasiofika.

Ningewashauri mwanze na zamu kwenye simu moja, ambapo mmoja anacheza, anampa mwenzake, na gemu inatunza alama za wote wawili. Haihitaji seva, haihitaji bando, na pale chuoni mtaona jioni moja tu kama watu wanaipokezana au wanairudisha. Ikipokezanwa, ongezeni kuunganisha simu mbili zilizo karibu kwa Wi-Fi ya simu yenyewe. Jambo moja lifanyeni tangu sasa, kwa kuwa kulifanya baadaye ni kazi kubwa mno: katika programu yenu, tenganisheni kanuni za gemu na vidole vya mchezaji, ili kila hatua iingie kama amri yenye jina la aliyeitoa, iwe imetoka kwenye skrini hiyo hiyo, kwenye simu ya jirani au, siku moja, kwenye seva. Mkilifanya hilo, mwenzako atapata mtandao wake bila nyinyi kulazimika kuivunja gemu na kuiandika upya.